Picha Niliyopigwa Mwamgongo

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Mgombea wetu wa ubunge, Mama Zaituni, alinituma kwa boti hadi kijiji cha Mwamgongo kubandika mabango yake. Mwenye boti hakuwa na risiti, basi nikapigwa picha ufukweni na mabango, iwe ushahidi wa nauli kwenye taarifa ya gharama. Taarifa ikikataliwa, mama hagombei tena.

Mawimbi yalikuwa yamenilowesha chapachapa. Kabla ya picha nilivaa fulana kavu ya rafiki yangu wa utotoni aliyenipokea pale, na kwa furaha ya kumwona sikuitazama.

Ofisini mkaguzi wa gharama za uchaguzi aliinua picha. "Kaka, mbona kifuani umembeba mpinzani wenu?"

"Umeniua," Mama Zaituni akaninong'oneza kando yangu.

Mkaguzi akacheka hadi machozi, kisha akagonga muhuri. "Mama, hii ni ya kweli. Nani angeghushi aibu kama hii?"