Msusi wa Damari

Katika kipupwe cha mwaka 1952, sisi wasichana wa bweni la misheni karibu na Mbeya tulisukana kila Jumamosi. Tulikaa juani kwa mstari, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Damari, binti wa Tusekile na Mzungu mchimba dhahabu aliyeondoka Chunya bila kuaga, alikaa mwisho daima. Alimsuka aliyekuwa mbele yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Nywele zako zinateleza kama mlenda," tulimtania. "Tukikusuka leo, kesho kanisani zimefumuka!"

Mama yake alihangaika kutafuta msusi, hata likizo ya Desemba akampeleka Iringa kwa Bi Mwantumu, mjane mwenye asili ya pwani. Bibi huyo alizilowesha nywele, akazipaka mafuta ya nazi, kisha akazichana kuanzia nchani.

"Tulia, mwanangu. Nani alikuwa akikuchana kuanzia mizizini, adui yako?"

"Mama."

Bi Mwantumu alicheka, Damari akacheka naye, kisha akalia.

Misuko aliyomsuka siku hiyo ilidumu wiki tatu. Damari alijifunza kujisuka vivyo hivyo, akatuzidi sote kwa ustadi. Hata hivyo, hatukumwita akae katikati ya mstari.

Baadaye alikuwa mwalimu karibu na Uyole, akiishi peke yake. Desemba 1959, shule zilipofungwa, alizifumua nywele zake zote, akazifunga kitambaa, akapanda basi la Iringa kwenda kwa Bi Mwantumu.