Tumbo Chini ya Kikwembe

Régina hakuwa mwoga, wacha nimtetee kwanza. Muuguzi huyu wa Kasongo alishazalisha wanawake kwa mwanga wa simu, radi zikipiga, bila mkono kumtetemeka. Lakini siku ile, nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya Wamaza, alitetemeka mwili mzima. Mimba yake ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, ilikuwa ikirushwa kwenye kila shimo.

Kilichompeleka ni masomo. Mwalimu wake Nathanaël alikuwa amewafundisha fenomenolojia, jina refu kuliko kazi yenyewe. Mgonjwa humpimi wala humpangi kwenye hesabu. Unamwuliza jambo lilimpata vipi yeye mwenyewe, mwilini mwake, kisha unafunga mdomo. Na kila unachokijua au kukiogopa unakiacha nje, kama viatu mlangoni. Régina alichagua kuwauliza wanawake walioshikwa na uchungu juu ya pikipiki, kabla ya kufika hospitali.

Tatizo ni kwamba kule kwao mwanamke aliyepata shida ya uzazi haisimulii mbele ya mwenye mimba. Maneno yale, wanasema, hutafuta tumbo la kuingia. Mama mkwe wake, jina lake Binti, alimkataza katakata asiende. Régina akaitikia vizuri, ndiyo mama, halafu akajifunga kikwembe juu ya kikwembe, akavaa koti kubwa la mumewe, akaondoka. Kichwa kigumu! Aliona kwamba hata miiko ya wazee ni ya kuachwa mlangoni. Viatu sawa, lakini tumbo angeliacha wapi?

Huko Wamaza mmoja wa wanawake hao, mkulima wa mihogo aitwaye Malaika, alimkaribisha ndani. Régina akawasha simu inase sauti, akauliza swali lake moja: siku ile, ulisikia nini mwilini?

Malaika alisimulia taratibu. Mvua, tope, pikipiki kukwama, dereva Iliasi kukimbia kutafuta watu wa kumbeba, naye kubaki peke yake porini, ameshikilia mti. Régina alikuwa akitokwa na jasho ndani ya koti, na hakuthubutu kulivua. Kisha sauti ya Malaika ikashuka.

"Halafu mutoto akaacha kucheza. Nikamuita na mukono, nikamuita..."

Mkono wa Régina ukaenda wenyewe tumboni. Malaika akauona, akakatisha kisa.

"Uko na mimba?"

Régina hakuweza kudanganya. Malaika akarudi nyuma hadi ukutani, hofu imemjaa kuliko mgeni wake. Akamlaumu: kwa nini umenifanya niyamwage maneno haya juu ya mtoto wako? Kesho likitokea jambo, nani atalibeba? Régina akaomba radhi, akazima simu, akataka kuinuka. Akakaa tena, mkono bado tumboni.

Malaika akamtazama vizuri usoni. Kisha akamrudishia swali lile lile, polepole.

"Na wewe, mama, saa hii unasikia nini mwilini?"

Régina aliwafundisha wengine kutulia kwa miaka. Sasa maneno yakamtoka mbio.

"Ninaogopa. Tangu kwenye pikipiki, hajacheza."

Malaika akatandika mkeka. Alimlaza mkekani kwa ubavu, akamnywesha maji, akafungua lile koti na vikwembe vyote, akaweka kiganja. Wakangoja. Nje kuku walikuwa wakiparura kwenye maganda ya mihogo, na Régina aliwachukia kwa kelele zao. Alimwomba Mungu, akamwomba na Binti msamaha huko huko Kasongo aliko. Maji yakashuka tumboni, na bado kimya.

Ndipo likaja teke. Halafu lingine, pale pale chini ya kiganja cha Malaika.

Régina akacheka kwa sauti, kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Malaika hakuwa ameondoa mkono, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. Nyumbani mle hamkuwa na nguo ya mtoto hata moja. Hapo Régina akaujua mwisho wa kile kisa, bila kuambiwa.

Hakuuliza kitu kingine. Aliuacha ule mkono tumboni mwake mpaka Malaika mwenyewe alipouondoa.