Zuleha na alama inayosomwa yote

Saa mbili asubuhi, Tunduma, mwaka 2015. Foleni ya malori imefika mbele ya steshenari ya Zuleha Sufiani. Ndani, Zuleha anasoma kwenye simu, polepole: "Saba, efu, tatu, be..." Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wakala wa mizigo aitwaye Restuta anafuatisha kwenye kompyuta yake.

Zuleha hutuma hati za mizigo kwa barua pepe. Kompyuta huisaga kila hati na kutoa alama ya tarakimu na herufi sitini na nne. Ukigusa hata nukta kwenye hati, alama nzima inageuka. Restuta naye huisaga hati aliyoipokea; alama zikilingana, anajua haikuguswa.

"Ni kama mashine ya kusaga," anasema Zuleha. "Hati ileile, unga uleule. Ila unga haurudi kuwa punje."

Mazoea ndiyo yaliyoharibu. Kwa kubana vocha, walikuwa wakisomeana tarakimu nne za mwanzo na nne za mwisho tu, basi. Tapeli akalijua hilo. Akainasa barua pepe ya Zuleha, akamtumia Restuta hati yake ya mchele wa Kamsamba, mali ya mzee Abdulwahab, yenye jina la mpokeaji mwingine. Aliichezea kwenye kompyuta, akiongeza nafasi tupu zisizoonekana, mpaka ncha zote mbili zikafanana na za Zuleha. Mchele ukaenda na maji.

"Niliumia, jamani! Katikati palikuwa tofauti kabisa, na hatukupatazama."

Mzee akahamia duka jingine, akaondoka na karibu nusu ya kazi. Zuleha sasa ana hamu moja: mawakala wa pande zote mbili wasome alama nzima, na mzee arudi.

Leo mzee huyo yuko mlangoni, hati mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Redioni wanasema zinakuja kompyuta za kwantamu, zitavunja kila siri. Sasa alama yako itafaa nini, mama?"

"Si kila siri, mzee. Alama ndefu hivi, kompyuta hizo zitaipunguzia nguvu tu. Wataalamu wanasema itatosha bado. Iliyovunjika ni ile tuliyoifupisha wenyewe, tena kwa kompyuta ya kawaida."

Mzee anaguna, anampa hati. Zuleha anaituma, anaanza kumsomea Restuta. Kufika katikati, simu inakatika. Salio limekwisha.

"Ee Mola, leo!" Zuleha anashika kichwa. Nje honi zinalia, dereva wa mzigo wa mzee anapiga kelele kwamba tarakimu zilizosomwa zinatosha.

Mzee Abdulwahab anatoa simu yake mfukoni, anaiweka juu ya meza.

"Mwache apige kelele. Anza upya, mama. Zote."