Maji ya Migomba

Juzi, katika shamba moja la kupokea wageni huko Marafa, mwenyeji wetu alituonyesha bomba linalotoka bafuni hadi kwenye migomba.

"Hapa hatupotezi maji," alisema. "Ni ubunifu wetu."

Wageni wenzangu wakapiga makofi. Mimi damu ilinichemka.

Ubunifu wao! Hawe, bibi yangu, alikuwa akiniogesha shinani mwa migomba kila alasiri, ili maji yainyweshe. Nakumbuka harufu ya sabuni ya kipande, na tope vuguvugu likipenya baina ya vidole vya miguu. Siku moja akaja mgeni kutoka mjini, mama mwenye viatu vyeupe, akanikuta pale nimejaa povu. Hawe alipomletea chana la ndizi mbivu, yule mgeni alilisukuma kando.

"Ndizi za maji ya kuogea? Uchafu gani huu!"

Nami, mtoto mjinga, nilidhani mtu wa viatu vyeupe hakosei. Hawe akanimenyea moja.

"Sitaki, Hawe. Ni chafu."

Akaila yeye mwenyewe. Kesho yake aliniogesha kando ya njia, mbali na migomba, na maji yakamwagika bure.