Velo Iliyonikatalia Kupumzika

Mimi ni mkunga hapa Kasongo, na kisa hiki bado kinanichekesha. Nina velo, baiskeli ya zamani ya mashindano. Bwana yangu Ramazani, fundi wa velo, alitaka kuifunga gia ya gurudumu la nyuma, ili pedali zizunguke muda wote gurudumu linapozunguka. Mimi nilisitasita. Akaifunga kwa majaribio.

"Mama Aziza, panda kwanza, kisha uamue," akaniambia.

Kwenye tambarare ilikuwa raha tupu. Kwenye muteremko wa soko nikasahau, nikataka kupumzisha miguu. Pedali zikakataa! Miguu ikazunguka kama cherehani, freni zikalia tu, kitambaa cha kichwa kikaruka.

"Mupishe! Mama mkunga anawahi uzazi!" mutu mmoja akapaza sauti.

Watu wakapisha, wanawake wakanifuata mbio. Velo ikaniingiza uani kwa Zaina, mwenye mimba kubwa, nikaangukia mihogo iliyoanikwa. Bwana yake alikuwa amesikia kelele, ameshabeba beseni la maji.

"Uchungu umeanza lini?" wanawake wakamuuliza Zaina.

Zaina alikuwa anakula ndizi. "Uchungu gani?"

Macho yote yakanigeukia. Nikajipangusa vumbi la mihogo.

"Hakuna anayezaa," nikasema. "Nilikuwa najaribu velo. Na nimeshaamua: ile gia inafunguliwa leo leo."