Harufu ya Karanga Kabeza

Tuliingia Kigali miezi michache baada ya vita vya 1994, mama na mimi, tukitokea Ngara, Tanzania, ambako nilizaliwa. Nyumba tuliyopata mtaa wa Kabeza haikuwa na mtu. Mlango wa mbele ulikuwa umeng'olewa, lakini jikoni vitu vilibaki mahali pake: mwiko, kinu, jiko la mkaa. Mama aliviosha tena na tena.

"Hapa tumejisitiri tu," aliniambia. "Si petu."

Siku alipopata moyo wa kupika kitu kisicho maharage, alitengeneza chakula alichojifunza alipokuwa mpishi misheni. Watawa walikiita granola. Sisi tulikiita shayiri ya mama. Alikaanga karanga, akazipekecha viganjani maganda yakatoka, nyingine akazitwanga mpaka zikatoa mafuta na kulainika kama siagi. Akaichanganya siagi hiyo na asali ya moto, akamwagia shayiri tuliyokuja nayo. Oveni hatukuwa nayo, kwa hiyo sufuria ilikaa juu ya makaa machache, na makaa mengine juu ya mfuniko. Mimi nilikuwa nakatakata ndizi kavu, ambazo hutiwa mwisho zisiungue.

Ndipo nilipomwona mwanamke mlangoni pa jikoni. Hakupiga hodi. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine mtupu, na alikuwa akihema. Alimtazama mama usoni, kisha mabega yakamshuka.

"Nilisikia harufu," alisema kwa Kiswahili cha Kigali, maana alikuwa ametusikia tukikiongea. "Nikafikiri iko yeye."

"Nani, dada?"

"Mwenye nyumba. Kila Jumamosi alikaanga karanga."

Alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma. Alitueleza, amesimama vilevile, kwamba mwenye nyumba aliuawa Aprili pamoja na watoto wake. Mama alimsogezea kigoda, akakataa. Nilimpa shayiri kwenye kisahani, aliinusa, akanirudishia.

Alipoondoka, mama alimwagia makaa maji. Wiki zilizofuata tulichemsha tu, viazi na maharage, maharage na viazi. Nyumba ikazidi kunielemea. Nilijikuta nikiingia jikoni na kusema "samahani," wakati hamna mtu ndani. Kuna asubuhi nilimkuta mama naye amesimama kizingitini, anangoja, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Kisha Jumamosi moja jirani akarudi.

"Mama, kwa nini hamukaange tena?"

"Tuliogopa kukuumiza, dada."

"Kaanga," alisema. "Harufu ikifika kwangu, mbele ya kukumbuka kama alikufa, kwa kidogo tu iko mzima."

Mama alikwenda kupepeta karanga, nami nikawasha jiko. Jirani alirudi kwake, akafungua dirisha lake.

Tulikaanga Jumamosi ile, na Jumamosi zote mpaka tulipohamia mtaa wa Niboye. Mama aliuacha mlango wazi ili harufu ipite uani. Mimi nilikaa nje, mgongo ukutani, nikisikia mwiko ukizunguka sufuriani na kujiambia kwamba ni mama, ni mama tu. Shayiri ilitoka vizuri, tukaila asubuhi na maziwa. Lakini sikuwahi kuila nikiwa peke yangu ndani ya nyumba ile.