Nilipanga kumpeleka dada yangu Kilimanjaro, kumbe kazi ilikuwa kumpata wa kubaki na mama

Wakuu, poleni na majukumu. Nawasalimu kutoka Musoma, mtaa wa Kigera.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwetu. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Nimechoka, kwa hiyo mtanivumilia uandishi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari. Miaka kumi na minne nawachorea watoto wa watu Mlima Kilimanjaro ubaoni, misitu chini, barafu juu, na mwenyewe sijawahi kuuona hata kwa mbali.

Nina dada yangu mkubwa, nimwite Wegesa. Mumewe alipofariki, dada akarudi nyumbani kwetu Butiama. Mama alipopigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa, na aliyekuwepo pale ni Wegesa. Basi ikawa ni yeye. Hakuna kikao kilichokaa kumteua. Huu ni mwaka wa sita.

Siku moja nilienda kuwasalimia. Nikawa namwonyesha dada picha za rafiki yangu aliyepanda Kilimanjaro safari ya siku moja tu, unafika kituo cha kwanza, Mandara, halafu unashuka. Akaishika simu, akaangalia picha moja muda mrefu. Ukungu, miti yenye ndevu, njia nyembamba.

Akauliza, "Hapo simu inashika?"

Nikamwambia sidhani.

"Basi hapo napataka."

Hakucheka. Nikaona hilo si neno la kupita. Nikamwahidi nitampeleka.

Hapo ndipo plan ilipoanza, na wakuu, ile plan imenizeesha.

Mambo ya mlima wenyewe yalikuwa mepesi. Nilimpata guide wa Marangu, mama mtu mzima, anajibu kila swali bila kuchoka. Alinionya tuepuke miezi ya mvua, maana njia ya msituni inakuwa tope tupu. Viatu tulivipata kwenye mitumba Bunda mjini, dada akawa anazunguka navyo uani ili avizoee, kuku wanamkimbia. Koti la mvua nikaazima kwa mwalimu mwenzangu.

Shida ilikuwa moja. Nani abaki na mama?

Tuko watatu. Kaka yetu Wambura yuko kisiwani Rukuba, ananunua dagaa kwenye kambi za wavuvi. Nikaandika kwenye group la familia, kwa adabu kabisa. Wote wakasoma. Siku ya tatu Wambura akaweka alama ya mikono ya maombi. Nikampigia, akasema dagaa wanatoka sana mwezi huo, nisubiri.

Nikasubiri. Tarehe ya pili ikaangukia msiba wa shangazi, Kiabakari. Ya tatu ikawa mvua. Ya nne nilisahau kwamba nasimamia mitihani, hilo kosa ni langu.

Kila tukiahirisha dada anasema "haina shida," anarudisha viatu chini ya kitanda.

Mtu akikwambia haina shida mara nne, wakuu, jueni shida ipo.

Mwaka huu, likizo ya katikati, Wambura akakubali mkewe aje akae na mama wiki moja. Nikakata tiketi mbili za basi la Arusha. Siku moja kabla ya safari nikaenda Butiama kumchukua dada tulale kwangu. Sijakaa vizuri, simu ikaita. Mke wa Wambura.

"Shemeji, ziwa limechafuka, mitumbwi haitoki. Labda kesho kutwa."

Sijui kama alisema kweli. Ziwa letu linachafukaga kweli, na watu wanadanganyaga kweli.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Nikamwambia, "Dada, usivue. Nenda wewe. Mimi nabaki."

"Wewe? Mama utamwogesha wewe?"

Watu wa mkoa wa Mara mnanielewa hapa. Kwetu mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake. Nikamwambia Mama Nyangi, jirani, atakuja kumwogesha asubuhi na jioni. Mimi nitapika, nitamgeuza, nitampa dawa.

Akarudi ndani, akakaa na mama kidogo. Alipotoka alinipa maelekezo nusu saa nzima, mengine akarudia mara tatu. Akapanda haisi ya Musoma. Akalala kwangu, alfajiri mke wangu akampeleka stendi.

Siku ya kwanza niliona naweza.

Siku ya pili mgongo ukaanza. Mama anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Uji unampa kijiko kimoja, unasubiri ameze, ndipo unampa kingine. Ukimaliza uji wa asubuhi, chakula cha mchana kimefika, na wewe hujapiga hata mswaki. Kila saa anaita "Wegesa." Nikimwambia ni mimi, anaangalia pembeni.

Siku ya tatu, mchana, Mama Nyangi alikuwa ameenda mnadani. Mama akachafuka.

Nikatoka nikakaa kizingitini. Nikasema nimsubiri jirani arudi. Nikampigia, hapatikani. Nikampigia mke wangu, yuko Musoma, angefanya nini.

Nikachungulia ndani, mama alikuwa analia bila sauti.

Nikaingia. Nikamfunika khanga, nikageuza uso ukutani, nikafanya kwa kupapasa. Nilichukua muda mrefu na nilifanya vibaya, maji yakamwagika godoro zima. Mama alifumba macho mpaka mwisho.

Nilipomaliza nilikaa sakafuni. Maneno ya mama siku hizi yanatoka kwa shida, moja moja. Nikamsikia anasema, "Wegesa... anafanyaga... kila siku."

Kisha, "Mwache... apumzike."

Jioni ileile dada akapiga, ameshapanda na kushuka, yuko Marangu.

"Nilikaa kwenye jiwe, mdogo wangu. Kuna kreta juu ya kile kituo, guide alinipeleka. Ukungu ukafunguka nikakiona kilele, cheupe, halafu ukafunika tena. Akaniuliza tushuke? Nikamwambia subiri kwanza nikae."

Kisha akauliza, "Mama anaendeleaje?"

"Yuko vizuri. Ongeza siku mbili huko."

"Makuru, umechoka. Nasikia kwenye sauti."

"Nimechoka, ndiyo. Wewe kaa."

Akalia. Sikumnyamazisha, maana na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Kesho yake niliandika tena kwenye group. Sikumtukana mtu. Niliandika tu kilichotokea siku ya tatu mchana, kama nilivyowaandikia nyie hapa. Wambura alisoma. Siku iliyofuata alitokea mlangoni yeye mwenyewe, suruali bado imelowa magotini kwa kushuka mtumbwini, na mkewe nyuma yake. Akaniambia, "Nenda kalale." Nililala mpaka jua likazama.

Dada alirudi kakuta nyumba imejaa watu. Akaweka begi, akaenda moja kwa moja kwa mama, akamshika mkono ule usiofanya kazi. Mama akauliza, "Kuna baridi?" Dada akasema, "Kuna baridi sana, mama." Wakaendelea na mazungumzo yao, sisi tukatoka nje.

Sasa hivi tuna zamu. Si nzuri sana. Wambura ameshakosa moja, mimi niliwahi kuchelewa siku mbili. Lakini kila mwezi kuna siku ambazo Wegesa anaondoka pale nyumbani, anaenda anakokujua yeye, na hakuna anayemuuliza.

Mlima mimi bado sijauona. Nikipata nafasi nitaenda, nisipopata nitaendelea kuuchora ubaoni.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kumtoa safari mtu anayeuguza, usianze na viatu, wala guide, wala tarehe. Anza na atakayebaki. Na kabla hujasema "tunamshukuru sana dada yetu" kwenye vikao, kakae nafasi yake siku tatu, halafu urudi useme.

Waliouguza wazazi naomba mawazo yenu, hasa mlivyogawana zamu bila kugombana. Na wengine mnijibu hili tu: kwenu anayebaki na mgonjwa ni nani, na mara ya mwisho alitoka lini?